Damu ya Farasi wa Royston

Ilkeston,
Jumatatu, nguo ziko kambani

Mpendwa dada Avis,

Pokea salamu zangu, wewe na Clifford, pamoja na hao wageni wenu wa kulipia wanaolala hapo pwani na kuwamalizia siagi. Goti lako linaendeleaje? Nilimwuliza mfamasia wetu habari za ile dawa ya kupaka uliyonitajia, akasema haidhuru wala haisaidii, kwa hiyo endelea nayo. Sisi huku hatujambo. Paka amepona sikio. Mimi miguu huvimba nikisimama sana, na Jumamosi nilisimama sana, kama utakavyosikia.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na Clifford naye hupiga kelele kutoka nyuma kwamba simu si ya bure. Barua haikatizwi. Kaa chini, mimina chai, na usimsomee mtu kabla hujafika mwisho, maana kuna mahali utafurahi kwamba uliisoma peke yako.

Habari yenyewe ni ya Royston. Unajua mwanangu hajapata kazi ya maana tangu kile kiwanda cha soksi kifungwe, na unajua hakukaa kulalamika kama kijana wa jirani yangu, ambaye kazi yake ni kubadilisha ubavu kwenye kochi. Royston aliingia chumba cha nyuma na vijisanamu vyake, akashika brashi. Ni askari wa vita vya zamani, wapanda farasi wa makoti mekundu. Mtu na farasi wake hawazidi kidole gumba, na kila kifungo kimepakwa rangi yake. Lakini vifungo mtu yeyote anaweza. Wewe niulize damu.

Damu ile, Avis, si hii ya jemu wanayopaka wenzake wa chama cha vijisanamu. Kwenye jeraha lenyewe ni mbichi, inang'aa, unaogopa kuigusa usijichafue. Ukienda pembeni inageuka kahawia kama kutu, imekauka. Halafu ile iliyoruka: matone manene karibu, madogo mbali, na ya mwisho kabisa ni kama vumbi shingoni mwa farasi, yote yakielekea upande mmoja, hata unajua upanga ulitokea wapi. Inaonekana hata juu ya koti jekundu, na wao wenyewe chamani husema damu juu ya koti jekundu ni kazi bure. Mimi hubeba askari mmoja mkobani, nimemfunga kwa leso. Muuza nyama wetu alimtazama akasema afadhali asiwekwe karibu na nyama yake, wateja watachagua ile. Mke wa kasisi aliniomba nimfunike tena kwa kuwa alikuwa bado hajala. Hizo ndizo sifa. Nani amewahi kufunika kazi ya Bwana Leivers kwa kuogopa kutapika?

Bwana Leivers ndiye mwenyekiti wa chama hicho. Alikuwa meneja wa benki mpaka benki ilipochoka naye, na sasa anawatawala wanaume wenye gundi vidoleni. Kanuni zake amezibandika ukutani pale ukumbi wa kanisa, na anayoipenda kuliko zote ni ile isemayo kila kazi iwe ya mkono wa mtu mmoja. Askari wake mwenyewe wamesimama wima kama mishumaa, safi, buti hazijawahi kukutana na tope. Vita gani hivyo? Nadhani walikuwa wanakwenda kupigwa picha. Kila mwaka kwenye maonyesho yao anampa Royston nafasi ya pili, na kila mwaka anasema neno lile lile, kwamba damu ni ya kuficha brashi mbovu. Mkewe, mwenye kofia kama kuku aliyelalia mayai, huitikia kwa kichwa kila mumewe anapofungua mdomo, hata akiwa anapiga miayo.

Mwaka huu nilijua mambo yatakuwa mengine. Huko kaskazini wanajenga jumba la makumbusho, na ndani yake wanataka kuweka uwanja mzima wa vita wa vijisanamu, watu na farasi wasiohesabika. Wanatafuta mtu mmoja wa kufanya majeruhi na maiti. Kazi ya kudumu, Avis, na mshahara, na chumba chenye madirisha. Mkuu wa kazi hiyo, mwanamke mmoja aitwaye Bi Hesketh, alikubali kuja kuwa mwamuzi wa maonyesho yetu ili ajionee mwenyewe. Royston aliposikia hayo alikonda. Aliniambia hii ndiyo mara ya mwisho, akikosa atauza rangi zake zote na kwenda kukunja maboksi kwenye lile bohari la barabara kuu, kwa sababu mwanaume wa umri wake hawezi kuendelea kula chakula cha mama yake. Nilimwambia chakula changu hakina hesabu. Lakini nilimwona macho, na usiku nilikuwa nasikia hatua zake kwenye ngazi, usingizi haumjii.

Sasa nikueleze habari za Gaynor, kwa kuwa hutaelewa mengine bila yeye. Unamkumbuka, yule wa duka la viatu, mwenye shingo ndefu na sauti ya mtu anayeomba radhi. Wamevishana pete bila kuniuliza. Kila Jumapili anakuja, anakula, anasema asante mama, kisha anamfuata Royston chumba cha nyuma na kufunga mlango. Mwanzoni nilidhani kuna mengine, nikawa napita pale nikikohoa. Hakuna. Kimya. Nikajua anakaa tu, kama paka kwenye joto la mtu anayefanya kazi. Mchuzi wake wa nyama ukimwagika sakafuni unaweza kupiga deki nao. Nilimwambia Royston waziwazi kwamba mtu mwenye kipaji kama chake angepata nesi, au mwalimu, mtu wa kumwinua, si mtu wa kumpashia kiti moto. Na Gaynor mwenyewe nilimwambia, mezani, amtazame mwenzake kwa makini, huenda akajifunza kitu. Akasema, ndiyo mama. Royston akaacha kula. Nilidhani ni viazi.

Jumamosi basi tukaenda. Mimi nilivaa lile koti la kijani. Gaynor alivaa alichovaa. Pale ukumbini wanawake huwa tunaandaa chai, lakini mimi sikwenda kuandaa chai siku mwanangu anashinda, kwa hiyo nikamfungia Gaynor aproni na kumtuma jikoni akaoshe vikombe. Nilimwambia huko hatakuwa njiani kwa mtu. Royston alitaka kusema neno, Gaynor akamgusa mkono, akaenda.

Bi Hesketh ni mwanamke mfupi mwenye viatu vya mwanaume. Hakumpa Bwana Leivers nafasi ya kumsindikiza. Alipita meza moja moja na tochi yake na kioo cha kukuzia, bila kusema kitu, na mwenyekiti nyuma yake akieleza mambo ambayo hakuulizwa. Alipofika kwa wale askari waliosimama wima alisema ni wasafi sana. Bwana Leivers akashukuru. Mimi nilielewa alichoambiwa, hata kama yeye hakuelewa.

Kisha akafika kwa farasi wa Royston. Ni farasi ameanguka kwa magoti, mpandaji wake amekatwa begani, na nyuma yao mpiga ngoma amerukiwa na damu upande mmoja tu wa uso, kwa sababu upande wa pili umekingwa na shingo ya farasi. Bi Hesketh aliinama, akainuka, akavua miwani, akaifuta, akainama tena. Watu wakaanza kusogea. Mwishowe akauliza ni nani aliyefikiria kumkinga huyu mpiga ngoma. Royston akasema kwa sauti ndogo kwamba ilitokea tu wakati wa kazi. Nikamwambia mtu wa pembeni yangu kwamba huyo ni mwanangu. Alikuwa ameshaambiwa, lakini haidhuru.

Akampa nafasi ya kwanza. Natamani ungeuona uso wa Bwana Leivers, ulikuwa kama mtu aliyeng'ata sabuni. Mke wake aliitikia kwa kichwa akasahau kuacha.

Wao wana desturi moja. Kabla ya kutoa kikombe, aliyeongoza huketi kwenye meza ndogo mbele ya watu wote na kurudia kipande cha kazi yake, ili wenzake wajifunze. Royston hajawahi kuketi pale, kwa kuwa nafasi ya pili haiketi. Wakamwekea farasi mtupu aliyepakwa rangi ya manyoya tu, na vichupa, na brashi, na mswaki wa zamani wa kurushia matone. Royston akasema ataonyesha hatamu, jinsi ya kuzifanya ngozi zionekane zimechakaa. Bi Hesketh akacheka kwa wema, akasema hatamu amekwisha kuziona kwingi, na kule kwake kazi itafanywa mbele ya wageni kila siku, kwa hiyo anaomba aione damu.

Mwanangu akatazama mlango wa jikoni. Nilidhani anataka chai.

Akachovya mswaki, akaupitisha kidole gumba. Avis, sitaki kusema, lakini nimeshaanza. Matone yalitoka manene kama supu ya nyanya. Moja likaziba jicho la farasi. Moja likaruka mpaka kwenye mkono wa shati jeupe la Bwana Leivers, na hilo ndilo jambo pekee la kheri lililotokea dakika hiyo. Akajaribu tena, ikawa vibaya zaidi. Watu wakaanza kukohoa vile watu wanavyokohoa. Bwana Leivers akasogea mbele na leso yake, akasema taratibu ili kila mtu asikie, "Naona leo mchinjaji wetu amegeuka muuza jemu." Wakacheka, hata wale waliowahi kula keki kwangu.

Nilishika mkoba wangu kwa namna ambayo si ya kubebea. Kisha nikaona mwanangu amevunjika moyo, ile kazi inamponyoka mbele ya macho yetu, nikapaza sauti kutoka nyuma, "Royston, usiwatazame hao. Fanya kama unavyofanya nyumbani."

Akaweka mswaki chini. Alinitazama mimi, hakumtazama mwenyekiti wala Bi Hesketh. Akasema, "Nyumbani sifanyi mimi, mama. Damu yote ni ya Gaynor. Tangu ya kwanza."

Mimi nilicheka, Avis. Peke yangu, ukumbi mzima. Nilidhani ni mzaha wa kumkomoa Bwana Leivers.

Royston alikwenda jikoni mwenyewe, akarudi naye. Alikuwa bado na aproni niliyomfungia, mikono ina mapovu hadi viwikoni. Alijifuta, akaketi, akasogeza taa kidogo upande wake. Hakumtazama mtu. Akachanganya rangi, tone la nyekundu, la kahawia, na kitu cha buluu ambacho sikukitegemea. Akachana kipande cha karatasi, akampa Royston amshikie mbele ya shingo ya farasi kuzuia matone, na Royston akakishika mahali penyewe bila kuambiwa. Hapo ndipo niliacha kucheka. Mtu hawezi kujua pa kushika kama hajashika mara nyingi. Gaynor akapiga mswaki kwanza kwenye karatasi nyeupe mpaka yale manene yakaisha, kisha akageukia farasi, akapitisha kidole mara moja, kama mtu anayekung'uta makombo mezani. Hakuongeza. Akapaka vanishi ya kung'aa kwenye jeraha peke yake, akaweka brashi chini na kusema samahani kwa kuchelewa, vikombe vilikuwa vingi.

Hakuna aliyekohoa. Farasi alikuwa amekatwa. Ndivyo ninavyoweza kukueleza.

Bwana Leivers, ambaye Mungu alimnyima kila kitu ila kumbukumbu ya kanuni, akasema kazi ya mikono miwili haiwezi kushinda kikombe cha mkono mmoja, akaichukua ile kadi ya nafasi ya kwanza mezani kwa Royston na kuiweka kwa askari wake mwenyewe. Aliiweka yeye, kwa mkono wake, na lile tone likiwa bado kwenye shati. Nilimwambia mkewe kwamba rangi ile haitoki kwa maji. Haitoki kwa chochote, lakini hilo sikumwambia.

Bi Hesketh hakumjali. Alivuta kiti, akaketi karibu na Gaynor, akamwuliza kama angependa kuja kaskazini. Gaynor akasema yeye farasi hawezi, farasi wake hutoka kama mbwa. Na nguo hawezi. Anachoweza ni kile kinachotokea baada ya Royston kumaliza. Bi Hesketh akasema wa farasi anao wengi, nafasi ni moja, na ni ya damu. Akamtazama Royston kwa huruma. Na mwanangu, ambaye alikuwa amekonda kwa ajili ya kazi hii, alikuwa anatabasamu hadi masikioni. Akamwambia Gaynor akubali. Akasema huko kaskazini nako hakukosi bohari la maboksi.

Kwa hiyo sasa unajua. Royston hakupata kazi. Kikombe hakupata. Kila nilichokusifia kwa miaka yote hii, na kwa muuza nyama, na kwa kasisi, na kwa daktari akiwa ameniwekea kipimo kifuani, kilikuwa cha msichana wa duka la viatu ambaye nilimfungia aproni na kumtuma jikoni. Royston alitaka kusema zamani. Gaynor ndiye aliyemzuia, mwanzoni kwa ajili ya ile kanuni ya ukutani, baadaye kwa ajili yangu, kwa sababu alikuwa anaona jinsi ninavyomfunga yule askari kwenye leso.

Wakati wanazungumza habari za nyumba na treni mimi nilikwenda jikoni. Vikombe alikuwa amebakiza kama nusu. Nikavua koti la kijani, nikaanza kuosha. Baada ya muda akaingia, akachukua kitambaa cha kukaushia. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia, mwaka hata mmoja. Nilimwuliza kwa ukali, ndivyo sauti yangu ilivyo. Akakausha kikombe chote kwanza. Kisha akasema, "Ningekuambia, mama. Hukuwahi kuniuliza tunafanya nini mle ndani."

Nilimpa kikombe kingine.

Leo asubuhi nimekwenda kununua soseji, nikamtoa askari mkobani na kumwambia muuza nyama atazame tena, hii ni kazi ya mkwe wangu, ameitwa kaskazini na jumba zima la makumbusho. Akasema yeye alielewa kwamba ni kazi ya mwanangu. Nikamwambia apime soseji. Yule mama wa foleni, ambaye binti yake ni katibu mahali fulani na hatuachi kusikia, nikamwuliza kama binti yake ameshawahi kuitwa kaskazini. Hakuwa ameitwa.

Harusi itakuwa kabla hawajahama. Mnipangie chumba chenu kile cha mbele, kinachotazama bahari, kwa ajili yao wawili, na Clifford asithubutu kuwatoza. Mwambie pia kwamba lile neno alilosema Krismasi, kuhusu mwanaume mzima na midoli, nimelihifadhi, na mkwe wangu ana mswaki. Mchuzi wa harusi nitapika mimi. Kuna mambo hayajabadilika.

Jana, walipokwenda kanisani kuonana na kasisi, niliingia chumba cha nyuma kupangusa vumbi. Mezani kuna taa mbili, Avis, moja upande huu na moja upande ule, kila moja na kiti chake. Nimezipangusa taa hizo miaka yote, kila Ijumaa, zote mbili, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza ya pili inammulikia nani.

Msalimie Clifford, ingawa hastahili. Usikunje goti. Royston anakubusu, na Gaynor naye amesema nikusalimie; nilimwuliza kama anataka kukuandikia mstari wake mwenyewe hapa chini, akaona haya, kwa hiyo nafasi nimemwachia.

Ndimi ndugu yako wa tumbo moja,
Enid Shacklock